Ukipima magonjwa ya zinaa unajikinga vipi na HIV? Tuliweke sawa hili

Utaisikia kila mahali hii: tibu magonjwa ya zinaa upunguze hatari ya HIV. Ni kweli, ila ukienda kutafuta ushahidi wake unakutana na kitu cha ajabu, utafiti mmoja mkubwa unasema ndiyo, tena kwa kishindo, alafu mingine kadhaa iliyokuja nyuma yake inasema hatujaona tofauti yoyote. Ndo maana ukiwakuta watu wawili wanabishana, mmoja anasema maambukizi yalishuka kwa asilimia 40 na mwingine anasema hiyo habari ilishapitwa na wakati, jua hakuna anayedanganya hapo. Kila mmoja kashika utafiti wake.

Mi naona tunachanganya vitu viwili. Kuna dawa ya kisonono kama kinga ya HIV, na kuna siku ya kwenda kupima kisonono kama nafasi ya kuzuia HIV. Hiyo dawa nguvu yake ni ndogo kuliko tunavyoambiwa, ila hiyo siku ina nguvu kubwa mno na mara nyingi inaachwa ipite hivi hivi.

Tuanze na mwili wenyewe. HIV ikifika kwenye utando wa uke, wa njia ya haja kubwa au wa ndani ya govi, sio kwamba inazama tu moja kwa moja. Inatafuta seli za CD4, wale askari wa mwili, maana humo ndo inapozaliana, na utando ambao hauna shida una askari wachache juu juu na ukuta wake umeshikana vizuri. Mtu akiwa na kidonda cha kaswende au cha herpesi ukuta umeshatoboka, hiyo kila mtu anaielewa haraka. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba hata bila kidonda shida ipo: kisonono, klamidia, trikomona, hizi zinaleta uvimbe wa ndani kwa ndani, mwili unaona kuna adui unapeleka askari kwa wingi eneo lile lile, sasa HIV ikifika siku hiyo inawakuta hao hao inaowatafuta wamejaa mlangoni.

Hapo ni kwa asiye na virusi. Kwa aliye navyo na hayuko kwenye ARV mambo yanabadilika pia. Kuna utafiti ulifanyika Lilongwe, Malawi, ukatoka 1997, walichukua wanaume wenye HIV waliokuwa na usaha kwenye mrija wa mkojo wakawalinganisha na wanaume wenye HIV wasio na tatizo hilo. Kwenye damu, kiwango cha virusi kilikuwa hakitofautiani. Kwenye shahawa, wale wenye usaha walikuwa na virusi mara nane zaidi. Wakapewa antibiotiki za usaha tu, ARV hamna, na ndani ya wiki mbili virusi kwenye shahawa vikawa vimeshuka sana. Yaani ugonjwa wa kutibika kwa siku chache ulikuwa unapandisha virusi sehemu ile ile inayoambukiza, na mtu angepimwa damu peke yake usingegundua chochote.

Kwa hiyo ukisoma kwamba magonjwa ya zinaa yanaongeza hatari ya HIV mara 2 hadi 5, msingi wake wa kibaiolojia upo. Tatizo la hizo namba ni kwamba kilichompa mtu kisonono ni ngono bila kinga, na kinachoweza kumpa HIV ni ngono hiyo hiyo bila kinga, tena pengine na mtu yule yule. Watafiti wanajitahidi kutenganisha ugonjwa na tabia kwa hesabu zao lakini kuvitenganisha kabisa haiwezekani, lazima ufanye jaribio: hawa watibu, hawa waache na huduma yao ya kawaida, alafu usubiri uone.

Na jaribio likafanyika. Mwanza, Tanzania, kuanzia 1991 hadi 1994, jamii 12 za vijijini, sita zikaimarishiwa huduma ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vilivyokuwepo: wahudumu wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikawa zinapatikana bila kukatika, watu wakahamasishwa waende mapema wakiona kitu. Sita nyingine zikaendelea kama kawaida kwanza. Matokeo yakatoka 1995, maambukizi mapya ya HIV yalikuwa pungufu kwa kama asilimia 40 kule kwenye huduma iliyoimarishwa. Hebu fikiria wakati huo, ARV za maana hazijafika kwa wagonjwa wa kawaida, PrEP (dawa anayotumia asiye na HIV ili asiambukizwe) haipo, tohara ilikuwa bado haijathibitishwa, alafu mtu anakwambia vidonge na sindano za bei ya chini pamoja na mhudumu aliyefundishwa vinakata karibu nusu ya maambukizi. Dunia nzima ilishtuka.

Kumbe ng'ambo ya ziwa, Rakai, Uganda, kulikuwa na jaribio lingine linaendelea, na hili lilikuwa kali zaidi. Wenyewe hawakusubiri mtu aje na dalili. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 wanawapa watu wazima wote dawa, uwe unaumwa usiwe unaumwa. Kwa akili ya kawaida ungesema hawa watawapita Mwanza kwa mbali. Mwaka 1999 wakatoa matokeo: kaswende ilipungua, trikomona ilipungua, HIV haikutofautiana kabisa kati ya waliopewa na wasiopewa. Mwaka 2003 utafiti wa Masaka, Uganda hiyo hiyo, nao ukaja bila mabadiliko kwenye HIV.

Sasa nani mkweli? Hapa ndo panaponoga, maana tofauti za maeneo haya zinafundisha kuliko hata matokeo yenyewe.

Mwanza wakati ule watu wazima wenye HIV walikuwa kama asilimia 4. Rakai ilikuwa kama asilimia 16. Janga likiwa changa, virusi vinapita zaidi kwa watu wenye wapenzi wengi, na hao ndo hao hao wenye kisonono na vidonda, kwa hiyo ukiwatibu unaziba njia kuu. Janga likishakomaa virusi vimeshaingia kwenye ndoa na mahusiano ya kawaida, mume anampa mke au mke anampa mume bila hata mmoja wao kuwa na ugonjwa mwingine wa zinaa, hapo utatibu kisonono mpaka uchoke na HIV inapita zake pembeni. Alafu Mwanza kituo kilikuwa wazi muda wote, ukiona usaha Jumatatu unaenda Jumanne, wakati Rakai mtu amemeza dawa leo, mwezi ujao kaambukizwa upya, atakaa nayo hadi timu irudi. Na jambo la tatu, vidonda vingi vya Rakai vilikuwa vya herpesi, na herpesi ni kirusi, antibiotiki haimgusi.

Hiyo ya herpesi ikawapa watu wazo: basi tupige herpesi yenyewe. Dawa ipo, asikilova, vidonge vya miligramu 400 mara mbili kwa siku, vidonda vinapungua kweli. Majaribio mawili yakatoka 2008 kwa watu wasio na HIV wenye herpesi, moja lao lilikuwa la wanawake wa Tanzania kaskazini, na HIV haikupungua. La tatu likatoka 2010, hili kwa wenye HIV wanaoishi na wapenzi wasio nayo, asikilova ikashusha kidogo virusi vya HIV kwenye damu ila wapenzi wao wakaendelea kuambukizwa kama kawaida. Kwanini? Jibu zuri lilikuwa limetoka 2009, watafiti walikata vipande vidogo vya ngozi pale kidonda cha herpesi kilipokuwa, baada ya kupona na mtu akiwa anameza dawa, wakakuta seli zinazopokea HIV bado zimejazana pale, miezi imepita. Kwa macho ngozi imepona safi. Ndo maana pia haishauriwi mtu asiye na dalili apimwe herpesi kwa damu kama njia ya kujikinga na HIV, utampa wasiwasi wa bure na huna cha kumfanyia.

Kwa hiyo nikisema nguvu ya dawa yenyewe ni ndogo namaanisha hivyo. Kwa mtu mmoja mmoja inasaidia, ugonjwa wenyewe lazima utibiwe kwa sababu zake, kisonono na klamidia zinaziba mirija ya uzazi, kaswende inaua watoto tumboni. Ila usitegemee kwamba kutibu peke yake kutasimamisha HIV.

Basi tuje kwenye siku ya kupima.

Kwanza tukubaliane kupima ni nini. Sehemu nyingi zinatumia mfumo wa dalili, unakuja na usaha unatibiwa usaha, unakuja na kidonda unatibiwa kidonda, hakuna maabara. Kwa mwanaume mwenye usaha mfumo huu unafanya kazi vizuri tu. Kwa mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni ni kubahatisha, maana mara nyingi ni fangasi au bakteria wa kawaida wa uke wamevurugika, anapewa dawa za kisonono ambacho hana na kuambiwa amlete mume, unajua mwenyewe ugomvi utakaotokea nyumbani. Alafu upande wa pili yupo mwenye klamidia kweli ambaye hana dalili yoyote, huyo hata kituoni haji. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili, na wanaume wengi pia. Kidonda cha kwanza cha kaswende ndo kabisa, hakiumi, kikiwa ndani ya uke au njia ya haja kubwa hukioni, na ndani ya wiki 3 hadi 6 kinapotea chenyewe, mtu anasema kilikuwa kipele tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne yanayotibika, yaani kisonono, kaswende, klamidia na trikomona, zaidi ya milioni moja kila siku, na sehemu kubwa ya hao hawakujua.

Ndo maana ya kupima bila kusubiri dalili. Na hapa kuna kosa linarudiwa sana, mtu anakwambia "nimepima kila kitu niko safi" ukimuuliza ulipima nini anasema walinitoboa kidole. Damu ya kidoleni inakuambia habari za HIV, kaswende, homa ya ini. Haikuambii kisonono wala klamidia, hizo zinataka mkojo au kijiti cha pamba. Na mkojo wenyewe unasema ya mrija wa mkojo tu. Kama mtu anafanya ngono ya mdomo au ya nyuma, vimelea vinaweza kukaa kooni au njia ya haja kubwa bila kuwasha wala kuuma, mkojo ukatoka msafi kabisa na ugonjwa upo. Mhudumu asipouliza na wewe usiposema, hapapimwi. Najua ni maswali ya aibu, lakini kijiti kimoja cha pamba ambacho mara nyingi unaruhusiwa kujipitishia mwenyewe chooni kinamaliza hiyo kazi.

Kipimo ninachokipenda mimi ni kile cha pamoja cha HIV na kaswende, Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza 2019 kwa kipimo cha kwanza cha wajawazito. Ni kijikaseti kidogo cha plastiki, tone moja la damu, matone ya maji yake, unasubiri kama robo saa. Mistari mitatu inawezekana kutokea, mmoja wa kuonyesha kipimo chenyewe kizima, mmoja wa HIV, mmoja wa kaswende. Damu ile ile, mtu yule yule, sindano moja, majibu mawili. Angalizo moja tu, mstari wa kaswende unaweza kubaki maisha yote hata kama ulishatibiwa, kwa hiyo kama uliwahi kutibiwa sema, watatumia kipimo kingine kujua kama ni mpya au ni ya zamani.

Sasa majibu yametoka. Tuseme una kisonono, HIV hamna. Wengi wanapewa sindano wanashukuru wanaondoka, na mhudumu anaita anayefuata. Hapo ndo nafasi imepotea, maana mtu aliyekutwa na kaswende au kisonono cha njia ya haja kubwa leo ni mtu ambaye uwezekano wake wa kupata HIV ndani ya mwaka unaofuata uko juu kuliko wa watu wengi wanaopita hapo. Hujambahatisha, mwili wake wenyewe umekuambia yuko kwenye mtandao ambao magonjwa yanatembea. Huyu ndiye wa kukaa naye chini umweleze PrEP. Ipo ya kidonge, ipo sindano ya cabotegravir ya kila miezi miwili, na ipo lenacapavir ya mara mbili kwa mwaka ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Haifanyi kitu kwa kisonono, lakini kwa HIV ni kinga ambayo dawa ya kisonono haiwezi kuifikia. Kama tukio la hatari ni la ndani ya saa 72 basi hatuongelei PrEP kwanza, ni PEP, dawa za dharura za kuzuia HIV baada ya tukio, siku 28, na kila saa inayopita inahesabika.

Alafu kuna hili la kipindi cha mwanzo. Usaha wa kisonono kwa mwanaume unatokea ndani ya siku chache baada ya ngono. Kama siku hiyo hiyo aliambukizwa na HIV, kipimo cha haraka cha kidole kitasema hana, kwa sababu vipimo vya aina hiyo vinachukua siku 23 hadi 90 kuanza kuona. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipani kinachotafuta na kipande cha kirusi chenyewe kinawahi zaidi, siku 18 hadi 45, ila nacho hakioni siku ya tano. Na hizo wiki za mwanzo ndo virusi vinakuwa vingi kupindukia mwilini, mtu ana karatasi ya "sina" mfukoni huku ndo anaambukiza kuliko wakati wowote. Kwa hiyo jibu la "hana" kwa mtu mwenye usaha wa juzi lina maana ya mpaka wiki kadhaa nyuma, sio mpaka jana, na kama hujaambiwa tarehe ya kurudi, iulize.

Na ukikutwa na HIV? Hapa mambo yamekuwa mazuri kuliko wengi wanavyojua. Ukimeza ARV mpaka virusi visionekane kwenye vipimo humwambukizi mtu kwa ngono. Utafiti wa PARTNER wa Ulaya, uliotoka 2016 na sehemu ya pili 2019, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana HIV na anatumia dawa na wanafanya ngono bila kondomu, wakakuta maambukizi sifuri yaliyotoka kwa mpenzi huyo, na humo ndani walikuwemo watu waliopata magonjwa mengine ya zinaa katikati. Ile hadithi ya Lilongwe ya virusi kupanda kwenye shahawa, kwa mtu ambaye ARV zimevibana virusi vyake, haijaleta maambukizi. Ndo maana nasema kipimo cha HIV kilichofanyika siku ya kupima kisonono kinazuia HIV kuliko antibiotiki ya siku hiyo.

Na hii ndo inanikera kwa wale wa kukimbilia duka la dawa, "ni UTI tu nipe kitu". Anapewa antibiotiki ya siprofloksasini ambayo kisonono cha sehemu nyingi duniani kilishaizoea, usaha unapungua au haupungui, usugu unaongezeka, na kikubwa zaidi hakuna aliyemtoboa kidole, hakuna aliyeuliza habari za mpenzi.

Mpenzi sasa. Usipomtibu unacheza danadana, unapona anakurudishia. Kaeni siku saba bila ngono baada ya dawa ya kumeza mara moja au sindano, nyote wawili mkiwa mmeshatibiwa, sio mmoja anasubiri mwingine akipata nafasi. Sehemu nyingine wanakuruhusu umbebee dawa zake, sio vibaya, lakini mpenzi aliyeletewa dawa nyumbani hajapimwa HIV. Kama inawezekana aje mwenyewe. Akigoma kuja, kuna vipimo vya HIV vya kujipima mwenyewe, vya mate au vya damu, mpelekee pamoja na dawa.

Watu wanauliza pia habari ya doksi, ile ya kumeza antibiotiki ya doksisaiklini miligramu 200 ndani ya saa 72 baada ya ngono. Kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume na wanawake waliobadili jinsia ilipunguza kaswende na klamidia sana, matokeo yalitoka 2023. Kwa wanawake wa Kisumu, Kenya, mwaka huo huo haikuonyesha kupunguza, na walipopima nywele zao wakakuta wengi hawakuwa wakiimeza. Na hiyo doksi haigusi HIV kabisa.

Swali la mwisho ninalolipata sana ni lini kurudi. Usirudi wiki ijayo kuhakikisha kama klamidia imeisha, mashine zinazotafuta vinasaba zinaokota mabaki ya vimelea vilivyokufa na zitakwambia bado unao wakati umeshapona, unaanza kumeza dawa upya bure. Acha angalau wiki nne kama ni mjamzito, maana yeye lazima ahakikishwe, na kwa wengine wote rudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa waliowahi kuugua wengi wanaambukizwa tena ndani ya muda huo. Miezi mitatu hiyo hiyo ndo siku 90 za kipimo cha kidole zimeisha, na kwa wa vidonge vya PrEP ndo tarehe ya kuchukua dawa nyingine, kwa hiyo ukienda omba vyote kwa mpigo: kidole, mkojo, na vijiti vya sehemu ambazo unajua mwenyewe zimehusika.